SOMO LA KUMI NA MOJA: KUUJUA UMRI WA GITAA LA MAPAJANI

Nawasalimu nyote mliokusanyika katika vikundi vyenu vya kusikiliza, huko Kibondo na huko Kasulu, na hasa wale ambao najua wamefika kwa miguu na mvua hizi. Kila kikundi kiwe na kalamu na karatasi karibu. Mwenye tochi na aiweke tayari pia, kwani tutaihitaji.

Katika somo lililopita tulisema habari za kutunza karatasi za nyumbani: vyeti, stakabadhi, na barua za zamani. Kikundi kimoja cha upande wa Kasulu kimeniandikia hivi: «Mwalimu, karatasi ina tarehe yake juu. Je, kitu kisichoandikwa tarehe, umri wake tutaujuaje?» Hili ni swali zuri, na badala ya kulijibu kwa maneno ya jumla, nitalijibu kwa kitu kimoja tu, nacho ni gitaa. Nimechagua gitaa kwa sababu mwaka jana niliitwa Kibondo kwa ajili ya gitaa, na nyumba mbili za baba mmoja zilikuwa karibu kukosana kwa ajili yake.

Kwanza nieleze ni gitaa la namna gani, maana si lile mnalolijua la kukumbatia kifuani. Hili ni ubao mfupi, mnene, wenye nyuzi sita juu yake. Mpigaji huketi, akalilaza juu ya mapaja, na mkono wake wa kushoto haubonyezi nyuzi kwa vidole. Hushika kipande cha chuma laini na kukitelezesha juu ya nyuzi, na kwa hiyo sauti haikatiki bali huteleza kutoka noti moja hadi nyingine, kama mtu anayelia au anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Sisi wa nyanda hizi hatuwezi kushangaa kuona ala ya nyuzi imelazwa. Inanga ya majirani zetu wa Burundi na Rwanda hulazwa vilevile, nayo ni ya kale kuliko gitaa hili.

Mtindo huu ulitoka visiwa vya Hawaii, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa ndiye aliyeuanzisha ni kijana mmoja jina lake Joseph Kekuku. Baada ya maonyesho makubwa ya mwaka 1915 huko San Francisco, Wamarekani waliupenda kupita kiasi. Lakini gitaa la kulazwa lina sauti ndogo, haisikiki penye ngoma na tarumbeta. Hiyo ndiyo sababu gitaa la umeme la kwanza kuuzwa kwa mafanikio, mwaka 1932, lilikuwa la mapajani, la kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Rickenbacker. Lilitengenezwa kwa aluminiamu, nalo lilikuwa na umbo la kikaango, hata watu wakaliita hivyo hivyo, Kikaango. Kwa hiyo yale magitaa ya umeme mnayoyasikia katika muziki wa dansi ni wadogo zake hili la mapajani.

Huku kwetu mtindo ulikuja kwa njia nyingi. Wahindi waliupenda sana, wakautia katika nyimbo za filamu zao. Ng'ambo ya ziwa, huko Léopoldville, Zacharie Elenga aliyeitwa Jhimmy alipata sifa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa upigaji uliosemekana kuwa wa Kihawaii. Sahani za santuri zilivuka ziwa, na watu nao walivuka.

Basi sasa nirudi Kibondo. Mzee mmoja, mtoto wa kwanza wa nyumba kubwa, alinitumia ujumbe kwamba baba yao marehemu aliacha gitaa, na kwamba amekuja mtu kutoka mjini anataka kulinunua. Mnunuzi yule alisema gitaa ni la kabla ya vita ya pili, na akataja bei. Nyumba kubwa wakasema: ni letu, kwani baba alilileta alipotoka kwenye mkonge wa Tanga mara ya kwanza, mwaka 1950, wakati ambapo mama yetu ndiye mke wake pekee, naye ndiye aliyelima na kulisha watoto miaka yote miwili baba asipokuwapo. Nyumba ndogo wakasema: sivyo, baba alilinunua baada ya safari yake ya pili, ya 1956 hadi 1958, naye alilipigia nyumbani kwetu hadi uzee wake. Nyumba kubwa wakajibu kwamba baba alilitundika ukutani siku ile ile aliyofika, asiliguse tena.

Wengi wenu mnaosikiliza mna baba au babu aliyekwenda manamba. Mnajua jinsi shirika la SILABU lilivyoandikisha watu Kibondo na Kasulu, likawapeleka kwa malori hadi Kigoma, kisha kwa garimoshi kupita Tabora. Mnajua pia ya kuwa aliyerudi hakurudi mikono mitupu. Baiskeli, cherehani, blanketi, santuri, gitaa: kila kitu kilikuwa na safari yake, na jasho la mtu aliyebaki nyumbani lilikuwa ndani yake vilevile. Kwa hiyo sikuona kuwa wazee hawa wanagombea ubao. Walikuwa wakiulizana ni mama yupi aliyekilipia kitu kile kwa jembe lake.

Nilipofika walinipokea vizuri. Mzee akaleta sanduku lililofungwa kwa blanketi. Kabla hajalifungua niliwaomba wote jambo moja: asiwepo mtu wa kulifuta vumbi. Naomba mlishike neno hili, maana mimi mwenyewe nililipuuza nilipokuwa fundi kijana. Nililetewa redio ya zamani, nami kwa kutaka kumfurahisha mwenyewe nikaisafisha ndani yote kwa kitambaa chenye petroli. Ikang'aa. Kesho yake mwenyewe akaniuliza ni ya mwaka gani, na mhuri wa wino uliokuwa ubaoni ndani ulikuwa umeshakwenda na kitambaa changu. Petroli haichagui uchafu na maandishi.

Sasa tuanze. Mtu akitaka kujua umri wa gitaa, jambo la kwanza analotafuta ni namba ya kiwandani, kama vile mwenye baiskeli anavyotafuta namba iliyogongwa kwenye fremu chini ya kiti. Gitaa hili lilikuwa na kibati kidogo kilichopigiliwa nyuma ya kichwa chake, na jina mbele lilikuwa Supro. Jina hilo lilikuwa mali ya kampuni ya Valco, ya Chicago huko Marekani, iliyoundwa mwaka 1942 na kufa mwaka 1968. Namba za Valco zina faida, kwani zilitanguliwa na herufi, na herufi zilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Herufi V ni ya miaka ya mwisho ya 1940 hadi 1951 hivi. Kisha ikaja X, iliyodumu hadi 1957. Kisha T, mpaka 1962, na baada yake G. Kibati chetu kilisema X, kisha elfu ishirini na nne na kitu. Kwa mujibu wa orodha ambazo wajuzi wamezikusanya, X ya elfu ishirini na kitu ni ya mwaka 1953.

Mzee wa nyumba kubwa aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, «Mwalimu, kibati si kinang'oka?» Naam, kinang'oka! Aliuliza kama hakimu. Namba ni ushahidi wa shahidi mmoja, na shahidi mmoja aweza kukosea au kupotoshwa. Kibati cha gitaa moja chaweza kupigiliwa kwenye gitaa jingine. Kuna viwanda ambavyo namba zao zenyewe ni za kudanganya: kampuni kubwa ya Gibson, katika miaka ya 1960, iliandika namba zile zile kwenye magitaa ya miaka mbalimbali, hata namba moja yaweza kuwa ya 1963 au ya 1967. Na yale magitaa ya Rickenbacker ya kabla ya vita, namba zake hazikusaidii sana. Huko utapima upana wa sumaku mbili zilizopinda kama kwato za farasi juu ya nyuzi. Zikiwa na upana wa inchi moja na nusu ni za kabla ya vita. Zikiwa za inchi moja na robo ni za baadaye. Sumaku hazina herufi, lakini zinasema.

Kwa hiyo baada ya kuisoma namba, usisimame hapo. Geuza gitaa, tazama viungo vyake. Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, nami nitakaa hapa kidogo.

Kila gitaa la umeme lina voliumu, ile sehemu yenye kirungu unachozungusha kuongeza au kupunguza sauti, sawasawa na ya redio. Mafundi huiita pia potenshiometa. Ukifungua bamba la juu ukaitazama kwa nyuma au ubavuni, utaona namba zimegongwa kwenye bati lake. Viwanda vya Marekani vilikuwa na mapatano ya kuandika namba hizo kwa utaratibu mmoja. Tarakimu tatu za kwanza ni jina la kiwanda kilichotengeneza voliumu: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, 134 ni Centralab. Tarakimu moja au mbili zinazofuata ni mwaka. Mbili za mwisho ni juma la mwaka huo, kuanzia 01 hadi 52. Andikeni hizo tafadhali, nitazirudia. 137, CTS. 304, Stackpole. 134, Centralab.

Gitaa letu lilikuwa na voliumu mbili, moja ya ukubwa wa sauti na nyingine ya kubadili sauti iwe kali au nzito. Ya kwanza iliandikwa 304321. Haya, isomeni wenyewe. 304 ni Stackpole. Tarakimu inayofuata ni 3. Kisha 21, juma la ishirini na moja, ambalo huangukia mwezi wa Mei. Lakini 3 ni mwaka gani? Siku zile waliandika tarakimu moja tu ya mwisho, basi yaweza kuwa 1943, 1953, au 1963. Hapa watu wengi hukata tamaa, bila sababu. Mwaka 1943 viwanda vya Marekani vilikuwa katika kazi za vita, havikuwa vikitengeneza magitaa ya namna hii. Mwaka 1963 Valco walikuwa wameshafika herufi G, na tena kufikia wakati huo ilikuwa desturi kuandika mwaka kwa tarakimu mbili. Unabaki 1953. Kibati na voliumu havikukaa mahali pamoja, kimoja kiko nje na kingine ndani chini ya bamba, lakini vinasema neno moja. Hapo ndipo niliposema kwa sauti: gitaa hili halikuwapo duniani mwaka 1950.

Mzee hakufurahi. Mnunuzi naye, ambaye alikuwa ameketi mlangoni, hakufurahi pia, maana «kabla ya vita» yake ilikuwa imekwisha. Nilimwambia wazi kwamba magitaa ya Supro ya mwaka 1953 yapo mengi huko yalikotoka na si kitu cha kumtajirisha mtu.

Hata hivyo nataka mwelewe sana maana ya tarehe ya kiungo. Haisemi gitaa lilinunuliwa lini. Haisemi hata lilikamilishwa lini, kwa sababu kiwanda chaweza kuweka voliumu ghalani miezi mingi kabla ya kuitumia. Inasema jambo moja tu, lakini inalisema kwa nguvu: si kabla ya hapo. Nyumba haiwezi kuwa ya zamani kuliko tofali lake la msingi. Ila ni lazima uwe na hakika kwamba tofali ni la msingi, si la kuzibia tundu baadaye.

Na kweli, tofali la kuzibia tundu lilikuwamo. Voliumu ya pili iliandikwa 1376640. Isomeni. 137 ni CTS. 66 ni mwaka 1966. 40 ni juma la arobaini. Je, gitaa ni la 1966? La, hasha. Tazameni nyaya. Voliumu ya kwanza ilikuwa na waya uliovikwa kitambaa, wa rangi ya udongo, na lehemu yake ilikuwa nyembamba, safi, imepauka sawasawa. Ya pili ilikuwa na waya mwekundu wa plastiki, na lehemu yake ilikuwa donge juu ya donge, kama tope lililorushwa ukutani. Skrubu za bamba zilikuwa na mfuo mmoja ulionyooka, isipokuwa moja tu iliyokuwa na alama ya msalaba. (Skrubu za msalaba zenyewe si za kabla ya katikati ya miaka ya 1930, mkitaka kujua.) Basi kuna fundi aliyelifungua gitaa hili, akatoa voliumu iliyokufa, akatia nyingine aliyoitoa pengine katika mashine fulani ya Kimarekani, na kazi hiyo aliifanya mwishoni mwa 1966 au baada yake.

Sasa fikirini. Nani hulipia gharama ya kutengeneza gitaa lililotundikwa ukutani lisiguswe? Nyumba ndogo walikuwa wamesema baba alilipiga hadi uzee. Voliumu ile mbaya, iliyolehemiwa ovyo, ilisimama upande wao.

Huenda mmoja wenu anauliza: umeme Kibondo siku zile ulitoka wapi? Mimi niliuliza pia. Wakanionyesha. Gitaa la mapajani lisilo na umeme lina mnong'ono tu, lakini ukikibana kichwa chake kwenye mbao za meza kubwa, meza yenyewe inakuwa sanduku la sauti. Meza hiyo bado ipo, na ukingo wake una kidimbwi laini mahali pamoja, kilichotokana na miaka ya kubanwa. Nilikipapasa kwa kidole, nacho kilikuwa laini kabisa.

Twende kwenye sanduku. Msidharau sanduku kamwe. Mara nyingi ala husafishwa na kupakwa rangi, lakini sanduku huachwa kama lilivyo. Nje palikuwa na kipande cha karatasi kilichogandishwa, kimechanika nusu, na herufi zilizosalia zilikuwa E.A.R. & H. Mzee wa nyumba kubwa akasema: «Unaona? Hiyo ni reli. Lilikuja kwa garimoshi kutoka mkonge.» Ni kweli kwamba herufi hizo ni za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, nazo zina faida kubwa kwetu sote wa Kigoma, kwani shirika hilo lilianza mwaka 1948, reli za Kenya na Uganda zilipounganishwa na ile ya Tanganyika, na jina hilo likaisha mwaka 1969 reli na bandari zilipotenganishwa. Ukiona herufi hizo kwenye sanduku la babu yako, umepata miaka 21 ya kutafuta ndani yake. Lakini kutoka mkonge? Kumbukeni neno la mwisho katika jina lile: Bandari. Shirika hilo ndilo lililoendesha pia meli katika Ziwa Tanganyika, na Liemba ikiwa mojawapo. Karatasi ile ilisema mzigo ulipita mikononi mwa shirika. Haikusema ulipanda garimoshi au meli.

Nikainua kifuniko, nikamulika kwa tochi. Ndani, kwenye kona, chini ya kitambaa kilichofumuka, palikuwa na kibandiko kidogo cha duka. Jina la mwenye duka halikusomeka. Mji ulisomeka vizuri: Usumbura, na chini yake, Ruanda-Urundi.

Wasikilizaji, majina ya miji ni kalenda. Usumbura uliitwa Bujumbura wakati Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, na mwaka huo huo Ruanda-Urundi kama nchi moja ikafa. Mkiona Léopoldville au Elisabethville kwenye sanduku au sahani ya santuri, ni kitu cha kabla ya 1966. Albertville, ambayo leo ni Kalemie, hali kadhalika. Congo Belge ni kabla ya katikati ya 1960. Tanganyika, kama jina la nchi, ni kabla ya 1964. Nimewahi kuona mtu akiuza kitu cha «wakati wa Mjerumani» chenye kibandiko cha Tanzania!

Basi tukawa na gitaa lililotengenezwa Chicago si kabla ya Mei 1953, likauzwa Usumbura si baada ya 1962. Nyumba kubwa walikuwa wamekosea mwaka. Nyumba ndogo walikuwa wamepata miaka, lakini wao pia walikuwa wameamini kwamba pesa na gitaa vilitoka Tanga pamoja. Wote wakanitazama mimi, nami sikuwa na la kuongeza.

Ndipo nikauliza swali ambalo lilinipasa kuliuliza asubuhi, kabla ya kufungua skrubu hata moja. Niliuliza kama yuko mtu hai aliyekuwapo. Wakasema, «Yupo mama mdogo, lakini amezeeka.» Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba juani, akichambua maharage. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Nikamwamkia, «Shikamoo, bibi.» Akaitika, «Marahaba, mwanangu. Umemaliza kulifungua?» Maana alikuwa akisikia yote.

Akatuambia kwamba mume wake alirudi kutoka mkonge mwaka 1958 akiwa na pesa na homa. Alipopona alichukua sehemu ya pesa akaenda nayo Usumbura pamoja na mzigo wa asali, naye bibi akafuatana naye, mtoto akiwa mgongoni. Asali ikauzwa vizuri. Gitaa lilikuwa dirishani mwa duka. Bibi alikasirika, kwa sababu walikuwa wamekubaliana kununua cherehani. Walirudi kwa meli hadi Kigoma, na njia nzima hakusema na mumewe. «Hapo Kigoma ndipo walipogandisha ile karatasi,» akasema. Huku nyumbani watu walipouliza, mume akasema limetoka Tanga, kwa sababu Tanga ndiko kulikokuwa na sifa, na yeye bibi akamwachia. Baadaye, mtoto wao wa tatu alipoanza shule, gitaa lilinyamaza, wakalipeleka kwa fundi Kigoma. Nikamwuliza kama alikumbuka fundi alidai kiasi gani. Akacheka. «Kuku wawili. Wangu.»

Mzee wa nyumba kubwa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaniomba niandike miaka yote kwenye karatasi: 1953, 1958, 1962, 1966, na kila mwaka na ushahidi wake. Akaikunja, akaitia ndani ya sanduku. Mnunuzi alikwisha kwenda zake. Gitaa limekaa nyumba gani, hilo ni la ukoo wao.

Sasa nina maonyo mawili ya kazi kabla hatujaagana. La kwanza ni la hatari. Kama gitaa la mtu lina amplifaya yake ya zamani, msiifungue nyuma, na msiichomeke kwenye umeme kujaribu. Amplifaya za siku zile zina sehemu zinazoweka umeme ndani hata baada ya kuchomolewa, na umeme huo waweza kuua. Mpelekeeni fundi anayejua. Mwambieni asome namba kwenye spika: zikianza na 220, spika ni ya Jensen, na tarakimu zinazofuata husomwa kama zile za voliumu. Gitaa peke yake, lisilounganishwa na kitu, halina hatari. Legezeni nyuzi kidogo kidogo, zote kwa pamoja, kisha fungueni bamba kwa bisibisi inayolingana na skrubu, na kila skrubu muirudishe tundu lake lile lile.

La pili, andikeni kila mnachokiona kama kilivyo. Herufi ikiwa mbele ya namba, iandikeni. Tarakimu ikiwa imefutika, acheni nafasi, msikisie. Kama kuna maandishi ya penseli ndani ya ubao, na mafundi wa viwanda fulani, kama Fender, walikuwa na desturi hiyo, yanakilini na msiyapanguse.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila kikundi kitafute kitu kimoja chenye namba katika kijiji chenu. Si lazima kiwe gitaa. Cherehani ya Singer ni nzuri sana, na baiskeli au redio pia yafaa. Nakilini namba, majina, miji, na alama zote. Kisha, karatasi ya pili, andikeni maneno ya mtu mzee kuliko wote aliyewahi kuishi nyumba moja na kitu hicho. Kama ni mama, msingoje hadi amalize kuchambua maharage. Leteni karatasi zote mbili, zisichanganywe.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutaanza na cherehani. Kwaherini.